Joho na Vitabu: Je, Ni Halali Kusoma Wakati Wenzako Wako Vitani?



Leo naomba tutafakari pamoja swali ambalo vijana wenzangu wa VIWAWA wameniuliza zaidi ya mara moja, na halina jibu fupi. Swali lenyewe ni hili: watu wanapouana, kijana aliyekaa chini ya mti na kitabu chake anafanya nini? Anaitumia vizuri akili aliyopewa na Mungu, au amejificha tu?

Mimi ni mtu wa Susuni, wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara. Anayetufahamu sisi Wakurya anajua kwa nini swali hili kwetu si la darasani tu. Tuna historia ya koo kupigana. Ng'ombe wanachukuliwa usiku, yowe linapigwa, na vijana wanatoka na mapanga na mishale kabla hata hawajauliza nani amemkosea nani. Saa kama hiyo, anayebaki nyumbani anaonekana si mwanaume. Na akibaki huku ameshika kitabu, ndiyo kabisa! Ataambiwa, "Mura, wenzako wako kule, wewe unasoma?"

Siku hizi vita vinatufikia hata kwenye simu. Sudan imekuwa vitani tangu Aprili 2023. Januari 2025 tuliona Goma ikitekwa, na mwezi uliofuata ikafuata Bukavu. Watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi, wanaosali rozari kama sisi, wakitembea barabarani na magodoro kichwani. Tunaangalia, tunasema "Ee Mungu wangu," tunapandisha kidole, inakuja video ya vichekesho. Ndugu yangu, kama kuna kujificha wakati wa vita, basi nako huko kumo. Lakini tusimshitaki mwenye simu ili kumwokoa mwenye kitabu. Swali letu bado lipo pale pale.

Wanaosema kitabu ni anasa

Kabla sijasema ninachoamini, niwatendee haki wanaopinga. Wana hoja mbili, na zote ni nzito.

Hoja ya kwanza ni ya Mtume Yakobo. Katika sura ya pili ya waraka wake anauliza inafaa nini kumwambia ndugu asiye na nguo wala chakula aende zake kwa amani, akashibe na kuota moto, bila kumpa mahitaji ya mwili. Imani ya namna hiyo, anasema, imekufa. Sasa mkimbizi aliyevuka Ziwa Tanganyika na watoto watatu, ukampa kitabu, umempa nini? Anahitaji unga, blanketi, dawa ya malaria. Kitabu hakipikwi.

Hoja ya pili inauma zaidi. Ni nani amesema wasomaji ni watu wema? Mwaka 1994 kule Rwanda waliopanga mauaji hawakuwa wajinga wasiojua herufi. Walikuwemo walimu, madaktari, wanasheria, waandishi, na jamani, tukubali kwa huzuni, hata watu wa Kanisa. Gazeti la Kangura lilikuwa limeandaa mioyo ya watu kwa chuki tangu mwaka 1990, na mwaka 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mhariri wake. Kwa hiyo anayesema "somesheni watu, vita vitakwisha" hajaangalia vizuri. Karatasi hubeba sumu kama inavyobeba dawa.

Hoja hizi sitaki kuziruka. Nitazirudia zote mbili. Lakini kwanza tuelewane kuhusu neno moja tunalolitaja kila Jumapili na pengine hatulifikirii: matumaini.

Kitu kinachotumainiwa kina sifa nne

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anafundisha kwamba kitu tunachokitumaini lazima kiwe na sifa nne. Kiwe chema, kwa sababu kibaya hatukitumaini, tunakiogopa. Kiwe bado hakijafika, kwa sababu ulicho nacho tayari unakifurahia. Kiwe kigumu, kwa sababu ugali ukishawekwa mezani hakuna anayeutumaini, watu wananawa mikono tu. Na mwisho, kiwe kinawezekana, kwa sababu kisichowezekana hukitumaini bali unakikatia tamaa.

Hebu tuulize: vita vinashambulia sifa ipi kati ya hizi? Ya kwanza hapana. Amani haijawahi kuonekana njema kama wakati wa vita. Hata anayeshika bunduki anaitamani. Ya pili hapana, maana amani ya mtu aliye vitani ni ya kesho kweli kweli. Ya tatu ndiyo kwanza vinaiongeza. Vita vinapiga sifa ya nne. Vinatushawishi kwamba jambo lile haliwezekani. Vinanong'ona: haya ndiyo maisha, hawa watu ndivyo walivyo, babu zetu walipigana nao na watoto wetu watapigana nao. Huku kwetu maneno hayo unaweza kuyasikia yakisemwa taratibu kabisa na mzee mwenye heshima zake, kama vile ni hekima. Lakini hiyo ni kukata tamaa kulikovaa koti la hekima.

Hapo ndipo kazi ya kitabu inapoanza. Vita vinamfungia mtu ndani ya siku moja: leo tule nini, leo tulale wapi, leo nani amekufa. Kitabu kinaleta shahidi kutoka nje ya siku hiyo. Mtu aliyesoma anajua kwamba Wafaransa na Wajerumani walipigana mwaka 1870, wakapigana tena 1914, wakapigana tena 1939, mamilioni wakafa, na kila kizazi kiliapa kwamba adui yule habadiliki. Halafu Mei 1950 Robert Schuman, Mkatoliki aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, akapendekeza nchi hizo ziunganishe makaa ya mawe na chuma chao, yaani vitu vile vile vinavyotengenezea silaha. Leo vijana wa nchi hizo wanakwenda kusoma na kuoana ng'ambo ya pili ya mpaka. Aliyesoma habari hiyo, ukimwambia koo mbili za Tarime haziwezi kupatana milele, hakuamini. Hana uhakika kwamba zitapatana. Ila anajua inawezekana, na sifa ile ya nne imebaki hai ndani yake.

Angalizo: sisemi kwamba matumaini ya Kikristo yanatoka vitabuni. Matumaini ni fadhila ya Kimungu, tunamiminiwa na Mungu mwenyewe pamoja na imani na mapendo, na mtu asiyejua kusoma herufi moja anaweza kuwa nayo kuliko profesa. Ninachosema ni kwamba neema hupenda kupandwa kwenye udongo uliolimwa. Mtakatifu Paulo mwenyewe, katika Warumi 15:4, anafundisha kwamba yaliyoandikwa zamani yaliandikwa kwa ajili ya mafundisho yetu, ili kwa uvumilivu na faraja ya Maandiko tuwe na matumaini. Angalia njia aliyoichagua Mungu: maandishi!

Yeremia na chungu cha udongo

Fungua Biblia yako sura ya 36 ya Yeremia. Hatari ya Babeli iko karibu. Nabii amemsomea mwandishi wake Baruku maneno ya Bwana, Baruku ameyaandika kwenye gombo. Gombo linafikishwa kwa mfalme Yehoyakimu. Ni wakati wa baridi, mfalme ameketi karibu na moto. Kila zinaposomwa safu tatu au nne, anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote linateketea. Mfalme anaogopa maandishi kuliko anavyoogopa Babeli. Na Yeremia anafanya nini? Anachukua gombo jingine, Baruku anaandika upya yote, tena mengine mengi yanaongezwa.

Sasa nenda sura ya 32. Miaka imepita, Yerusalemu imezingirwa, Yeremia ni mfungwa kwenye ua wa walinzi. Katika hali hiyo ananunua shamba! Analinunua kwa binamu yake kule Anathothi, shekeli kumi na saba za fedha, na hati zinaandikwa mbele ya mashahidi. Kisha anaagiza hati zile ziwekwe ndani ya chungu cha udongo ili zidumu siku nyingi. Mtu wa mahesabu angecheka. Ardhi ile ilikuwa inaingia mikononi mwa adui. Lakini Mungu alikuwa amesema nyumba na mashamba vitanunuliwa tena katika nchi ile, na Yeremia akaliweka neno hilo kwa maandishi, akayahifadhi.

Mimi naona hapo tofauti kati ya matumaini na kujipa moyo. Kujipa moyo ni kusema "yatakwisha tu." Mwenye matumaini anaandika hati, anaifunga kwenye chungu, anaiacha imsubiri mtu atakayeihitaji.

Augustino ndani ya mji uliozingirwa

Twende Afrika, mwaka 430. Mji wa Hippo, ambao leo unaitwa Annaba kule Algeria, umezingirwa na jeshi la Wavandali. Ndani ya mji yumo askofu mzee, Mtakatifu Augustino, mwenye umri wa miaka 75. Homa inampata mwezi wa tatu wa kuzingirwa. Rafiki yake askofu Possidius, aliyekuwa naye siku hizo, ameandika habari za maisha yake. Anasimulia kwamba Augustino aliagiza zaburi za toba zinakiliwe na kubandikwa ukutani, akawa anazisoma akiwa kitandani huku akilia. Anasimulia pia kwamba hakuacha wosia, kwa sababu maskini wa Mungu hakuwa na kitu cha kurithisha, ila aliagiza maktaba ya kanisa na vitabu vyake vitunzwe kwa uangalifu kwa ajili ya watakaokuja baadaye. Alifariki tarehe 28 Agosti, adui akiwa bado nje ya ukuta.

Hebu fikiria. Dola ya Roma inaporomoka. Makanisa yanachomwa. Mzee anakufa, na moja ya mambo anayoyashughulikia ni vitabu vitakavyosomwa na watu ambao hatawaona. Watu hao ni pamoja na wewe na mimi. Ungamo zake tunazisoma leo kwa sababu kuna mtu alilinda vitabu mjini Hippo.

Utasema, "Aa, huyo alikuwa msomi, alijificha kwenye vitabu wakati kondoo wake wanakufa." La hasha. Katika siku hizo hizo za uvamizi, askofu mwenzake aitwaye Honoratus alimwuliza kama wachungaji wanaruhusiwa kukimbia. Augustino alimjibu kwa barua ndefu kwamba mchungaji asikimbie maadamu wapo watu wanaohitaji huduma yake. Mpenda vitabu mkuwa kuliko wote wa Afrika ya kale alibaki mjini. Kupenda kwake vitabu hakukumwondoa kwa watu.

Bibi na barua za Kagera

Sasa turudi nyumbani Mara. Mwaka 1968 serikali yetu pamoja na UNESCO walianzisha mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na Mara ilikuwa mmojawapo. Vitabu vya kujifunzia vilihusu kazi za watu: pamba, migomba, ng'ombe, uvuvi. Watu wazima waliokuwa na wajukuu walikaa chini ya miti wakijifunza a, e, i, o, u. Wengi tunakiita mpaka leo kisomo cha ngumbaru. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma, lililotaka watoto wote wa Tanzania wapate elimu ya msingi ifikapo Novemba 1977. Halafu, mwaka mmoja tu baadaye, mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera.

Bibi yangu alikuwa mmoja wa watu wa ngumbaru. Alisoma akiwa mtu mzima, na wapo waliomcheka, eti mwanamke mwenye migomba yake anataka karani gani. Vita vilipoanza, mwanaye, yaani baba yangu mdogo, akaenda. Wakurya wengi walikwenda, jeshini na kwenye mgambo.

Barua zilikuwa chache na zilichukua muda mrefu kufika. Zamani barua ikija, mama asiyejua kusoma alilazimika kuipeleka kwa mwalimu au kwa mwenye duka asomewe, na kabla hajafika nyumbani kijiji kizima kinajua. Bibi alizisoma mwenyewe, usiku, kwa koroboi, kidole kikifuata neno kwa neno. Alituambia barua moja haikuwa na habari zozote za vita. Ilisema yuko mzima, na kwamba yule ndama mwekundu asiuzwe. Basi. Bibi aliisoma mpaka karatasi ikachakaa kwenye mikunjo, kwa sababu anayesema ndama asiuzwe ana nia ya kurudi. Nikisoma habari za shamba la Anathothi huwa namkumbuka ndama yule.

Baba mdogo alirudi. Lakini nisiwadanganye, hadithi haiishii hapo. Jirani wa Bibi naye alikuwa na mtoto vitani, na yule hakurudi. Alikuwa ameacha barua moja tu. Mama yake hakujua kusoma. Kwa miaka mingi, kila alipozidiwa, mama yule alikuja na barua ile kwenye kitambaa, na Bibi aliacha anachofanya, akanawa mikono, akamsomea. Barua ile ile. Maneno yale yale. Mama akisikiliza, anaikunja, anaondoka.

Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979, redio ikatangaza, watu wakashangilia. Matumaini ya mama huyu yalikuwa wapi siku ile? Kama matumaini ni kwamba kila askari atarudi, basi yeye alidanganywa. Hapa ndipo Ukristo unaposema neno ambalo falsafa peke yake hailifikii: tunatumaini ufufuko wa wafu. Mama yule alikuwa mtu wa Kanisa, alisali kwa ajili ya mwanaye. Barua haikumfufua mtoto wake, lakini ilimzuia asiwe namba tu kati ya waliokufa. Ilimhifadhi na jina lake na sauti yake, kama hati kwenye chungu cha udongo, mpaka siku ya Bwana.

Aliyemfundisha Bibi kusoma habari za migomba hakujua kwamba anamwandaa kwa kazi hiyo. Nasi vivyo hivyo: tunajifunza kusoma wakati wa amani bila kujua ni wakati gani, na kwa ajili ya machozi ya nani, tutakihitaji kile tulichojifunza.

Na kiongozi wa nchi katika vita hivyo alikuwa nani? Mwana wa Butiama, Mara hii hii, Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere. Alibatizwa Nyegina, karibu na Musoma, Desemba 1943, mwaka ule ule alioanza masomo Makerere, Kampala, huku Vita Kuu ya Pili vikiendelea. Alipokuwa amebeba mzigo wa nchi changa alipata muda wa kumtafsiri Shakespeare: Juliasi Kaizari ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Uzeeni akaziweka Injili kwenye tenzi za Kiswahili. Mwalimu hakuona kwamba kuongoza taifa na kupenda vitabu ni mambo mawili yanayogombana.

Vipi kuhusu vitabu vya chuki?

Niliahidi kurudi kwenye hoja ya pili, ile ya Rwanda. Ni kweli: kusoma peke yake hakumfanyi mtu mwema. Basi tunahitaji kipimo. Mimi natumia kimoja rahisi, nawe ukijaribu. Ukifunga kitabu, au ukimaliza kusoma kilichoandikwa kwenye simu yako, jiulize: yule mtu wa ukoo mwingine, wa kabila lingine, wa dini nyingine, sasa namwona mkubwa zaidi au mdogo zaidi? Amekuwa mtu mwenye mama, mwenye ndama wake, mwenye barua yake? Au amekuwa "wale," kundi lisilo na sura? Maandishi ya chuki daima hufanya kazi ya kuondoa sura za watu. Maandishi mema huzirudisha. Kama unachokisoma kinafuta sura za watu, kifunge, hata kama mwandishi wake ni mtu wa kwenu.

Na kuna ushuhuda ambao kila kijana Mkatoliki wa Afrika Mashariki anapaswa kuujua. Burundi ilikuwa vitani tangu mwaka 1993. Katika seminari ndogo ya Buta, jimbo la Bururi, vijana Wahutu na Watutsi waliendelea kusoma, kusali, kucheza na kula pamoja wakati nje watu wa makabila hayo wanauana. Tarehe 30 Aprili 1997 alfajiri, watu wenye silaha waliwavamia bwenini, wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku, Watutsi huku. Walikataa. Vijana 40 waliuawa. Gombera wao, Padre Zacharie Bukuru, aliandika kitabu ili wasisahaulike.

Sitasema kwamba vitabu vya hisabati na Kilatini ndivyo vilivyowapa ujasiri ule. Ulikuwa ni neema. Lakini neema ile iliwakuta kwenye nyumba ambayo kwa miaka walifundishwa kuketi dawati moja na mtu ambaye redio na mitaa iliwaambia ni adui. Wapo watakaosema wangetupa vitabu wakachukue bunduki wajilinde. Mimi nasema katika vita ile yote, ni wachache waliomshinda adui kama wale watoto, maana adui alitaka watengane na hakupata alichokitaka.

Joho na vitabu

Sasa nijibu hoja ya kwanza, ya Mtume Yakobo, kwa msaada wa Mtume Paulo. Katika 2 Timotheo 4:13 Paulo yuko kifungoni. Anajua kifo chake kiko karibu, na majira ya baridi yanakuja. Anamwomba Timotheo amletee joho alilomwachia Karpo kule Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Hiyo ni aya ndogo ambayo wengi tunairuka, lakini ina jibu letu. Mtume hakuchagua. Anasikia baridi, anataka joho. Hana aibu ya mwili wake. Na bado anataka vitabu, ingawa atakufa hivi punde. Angekuwa ameomba vitabu tu, tungesema ni mtu wa mawinguni. Angekuwa ameomba joho tu, tungesema vita vimempunguza akawa mwili unaotafuta joto. Aliomba vyote viwili, kwenye sentensi moja.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ndiyo, ni halali kusoma wakati wa vita, tena mara nyingine ni wajibu, maana kuna mtu lazima atunze lile wazo kwamba amani inawezekana, na amani ikifika lazima kuwe na watu wanaojua cha kufanya nayo. Lakini kitabu kina saa ya kufungwa. Majeruhi akiwa barabarani, kama yule wa mfano wa Msamaria Mwema, funga kitabu upesi. Kitabu kinachokufanya usimsikie anayelia si kitabu, ni mlango uliofungwa. Na hata kile kilio cha yowe la usiku huku kwetu, kijana mwenye kusoma asikikimbie, aende, ila aende kama mtu anayeuliza "nani ameumia?" kabla ya kuuliza "tumpige nani?" Hilo linahitaji moyo kuliko panga.

Mambo matatu tunayoweza kuyafanya, vijana wenzangu. Kwanza, tunapokusanya nguo, sabuni na unga kwa ajili ya wakimbizi, tuongeze na vitabu. Kambi ya Nyarugusu kule Kigoma ipo tangu mwaka 1996, kuna watu wamezaliwa humo na wamekua humo. Wanahitaji joho na vitabu. Pili, kwenye jumuiya zetu tutafute mzee mmoja ambaye macho yake hayasomi tena, au hayakuwahi kusoma, tumsomee Injili ya Jumapili siku moja kabla. Tatu, tusimcheke kijana anayesoma chini ya mti. Hatujui anaandaliwa kwa machozi ya nani.

Maswali ya kujiuliza wiki hii: Ni jambo gani jema nimeacha kulitumaini kwa sababu nimejiaminisha haliwezekani? Ni maandishi gani ninayoyasoma kila siku yanayofuta sura za watu? Ni nani karibu yangu anayehitaji joho, na ni nani anayehitaji kitabu?

Tuombe. Ee Bwana Yesu, Neno uliyefanyika mwili, uwakumbuke ndugu zetu wa Kongo, wa Sudan na popote penye vita. Uwape mkate na makao, uwape na sababu ya kungoja kesho. Utuondolee maneno ya chuki midomoni na kwenye simu zetu. Utufundishe kusoma, na utufundishe kufunga kitabu tunapoitwa. Wote waliokufa vitani, ambao majina yao yamebaki kwenye barua zilizochakaa, uwape raha ya milele. Amina.